Jaramogi: Mlinzi wa hazina aliyejikwaa mlangoni

MWAKA wa 1993, baada ya kukaa nje ya Bunge kwa zaidi ya miongo miwili, Mzee Jaramogi Oginga Odinga aliketi kwenye kiti ambacho kila serikali hukiogopa. Alikuwa kiongozi rasmi wa upinzani na pia mwenyekiti wa Kamati ya Bunge kuhusu Uhasibu wa Umma, maarufu kama PAC. Kazi ya kamati hiyo ni kuuliza swali moja: pesa zilizoidhinishwa na wabunge zilienda wapi?

Jaramogi alizaliwa mwaka wa 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Bondo. Alisoma Maseno, Alliance na hatimaye Makerere, kisha akawa mwalimu. Mwaka wa 1947 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha shirika la biashara la Luo Thrift and Trading Corporation, lililokusanya akiba za watu wa kawaida ili nao wapate mtaji. Kabla hajaingia katika siasa za kitaifa, tayari alikuwa amebeba dhamana ya pesa za wengine.

Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957. Mwaka uliofuata aliwashtua wakoloni, na hata baadhi ya wenzake, alipomtetea Mzee Jomo Kenyatta aliyekuwa gerezani. Kenya ilipojitawala alikuwa Waziri wa Masuala ya Ndani, na mnamo Desemba 1964 akawa Makamu wa Rais wa kwanza.

Kwa wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera, kipindi hicho kina kumbukumbu chungu. Desemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki kutokana na vita vya shifta, na Jaramogi alikuwa katika baraza la mawaziri lililotoa tangazo hilo. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kuwabana wakazi hao hadi mwaka wa 1991.

Mwaka wa 1965 Bunge lilipitisha Waraka Nambari 10, uliopendekeza pesa za maendeleo zielekezwe kwanza katika sehemu zenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na miundomsingi. Lililotokea ni kwamba aliyenacho aliongezwa. Kaskazini Mashariki, nchi ya wafugaji isiyo na reli wala mvua ya kutegemewa, ilisalia nyuma kwa miongo mingi. Jaramogi na wenzake wa mrengo wa kushoto walitofautiana na wakuu wa serikali kuhusu ardhi na umiliki wa uchumi, si kuhusu kaskazini. Mnamo Aprili 1966 alijiuzulu na kuunda chama cha KPU.

Alilipa gharama kubwa. KPU ilipigwa marufuku mwaka wa 1969, baada ya ghasia za Kisumu zilizosababisha vifo vya raia, naye akazuiliwa hadi 1971. Baadaye Rais Daniel arap Moi alimteua mwenyekiti wa bodi ya pamba, lakini wadhifa huo haukudumu. Mwaka wa 1982 aliwekwa katika kifungo cha nyumbani. Mwaka wa 1991, akiwa na umri wa takriban miaka 80, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 aliibuka wa nne katika kinyang'anyiro cha urais lakini akashinda kiti cha Bondo. Chama chake cha Ford-Kenya kilipata kiti hata Lagdera, Garissa, ambako Bw Farah Maalim alichaguliwa mbunge.

Hapo ndipo mtihani mkubwa ulipomfika. Sakata ya Goldenberg ilikuwa imefichuka: mabilioni ya pesa za umma yalilipwa kampuni moja kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi, ilhali Kenya haikuwa na madini hayo kwa kiasi kilichodaiwa. PAC ndiyo iliyotarajiwa kufuatilia suala hilo. Mwaka huo huo Jaramogi alikiri hadharani kwamba alikuwa amepokea Sh2 milioni kutoka kwa mwenye kampuni hiyo, akieleza kuwa ulikuwa mchango kwa chama.

Wakenya walipigwa na butwaa. Chama kiligawanyika, na baadhi ya mawakili vijana waliokuwa nguzo yake wakaondoka. Wengine walimtetea kwamba mwenye kuficha hakiri. Hata hivyo, kamati ya kukagua pesa hutegemea kuaminiwa kuliko kitu kingine chochote, na imani ilikuwa imetikisika. Jaramogi hakupata muda wa kuirejesha. Aliaga dunia Januari 20, 1994, na nafasi yake ikachukuliwa na Bw Michael Kijana Wamalwa.

Enzi hiyo wabunge walikuwa na uwezo mdogo. PAC ilichunguza pesa zikiwa zimeshatumika, na makadirio ya bajeti yalipangwa na Hazina pekee. Sheria ya mwaka wa 2009 ilileta Kamati ya Bajeti, na Katiba ya 2010, kupitia Kifungu cha 221, ikailazimu kamati ya Bunge kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya makadirio kupitishwa. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kuorodheshwa.

Leo mkazi wa wadi ya Iftin, mjini Garissa, ana haki ya kufika mbele ya kamati ya bajeti ya bunge la kaunti na kudai kisima kabla shilingi ya kwanza haijatumika. Kwa Kisomali, jina la wadi hiyo lina maana ya nuru. Sheria sasa inaruhusu nuru kumulika vitabu vya hesabu, lakini maisha ya Jaramogi yanakumbusha kwamba hata aliyestahimili kizuizini kwa ajili ya wanyonge anaweza kujikwaa. Anayeshika taa naye hana budi kumulikwa.