Karakana Ndani ya Ua wa Chuo

Kila nifundishapo jinsi majina ya watu yanavyogeuka kuwa nomino za kawaida, mfano wangu ni wati, kipimo kiandikwacho kwenye balbu. Wanafunzi hulijua neno. Mwenyewe, James Watt, hawamjui.

Watt alizaliwa Greenock, Uskoti, mwaka 1736. Baada ya kujifunza uundaji wa ala za kupimia kwa mwaka mmoja tu huko London, alikwenda Glasgow kufungua karakana. Chama cha mafundi kikamkatalia kwa kuwa hakutimiza miaka saba ya uanagenzi. Chuo Kikuu cha Glasgow ndicho kilichomwokoa: mwaka 1757 kilimpa chumba uani mwake, akaunda ala na kuziuza.

Humo alizoeana na wasomi kama mwanakemia Joseph Black. Humo pia alikabidhiwa kielelezo kibovu cha injini ya Newcomen akitengeneze, akang'amua kuwa mvuke mwingi ulipotea kwa kupasha upya silinda iliyopozwa kila mara. Mwaka 1765 akabuni chombo cha kando cha kupozea mvuke. Mtaji ulimchelewesha hadi 1775, alipoingia ubia na Matthew Boulton wa Birmingham. Alifariki mwaka 1819.

Nje ya malango ya vyuo vyetu wako vijana watengenezao simu na tarakilishi, wengine bila cheti. Nawauliza wakuu wa vyuo: ni yupi kati yao tunayemfungia nje?