Al-Biruni, mwanazuoni aliyepima dhahabu kwa maji

Mwanafunzi wa kemia wa Gitega au Muyinga anayezamisha jiwe majini ili kujua ujazo wake hufuata nyayo za Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm, Asia ya Kati, mwaka 973. Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka nchi yake, naye akapelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Ingawa alikuwa mbali na kwao, hakuacha utafiti.

Al-Biruni alibuni chombo chenye bomba dogo ubavuni. Madini yalipotiwa ndani, maji yaliyosukumwa yalitoka kwa bomba, naye akayapima kwa mizani. Uzito wa kitu ukigawanywa kwa ujazo wake hutoa densiti. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina takriban gramu 19.3, ya shaba nyekundu, 8.9. Hivyo dhahabu iliyochanganywa na shaba hujulikana bila kuyeyushwa.

Al-Biruni alifariki Ghazna yapata mwaka 1048. Elimu yake ingali na faida Muyinga, kunakochimbwa dhahabu: mwenye mizani na maji hadanganyiki kirahisi.