Rudi Jikoni Kwanza: Maisha ya Askofu Festo Kivengere

Katika sherehe hizi za ushirika wetu utasikia wahubiri wengi, na huenda wewe mwenyewe ukasimama kushuhudia. Kabla hujashika kipaza sauti, kaa nami kidogo tumkumbuke mtumishi mmoja aliyeivuka mipaka hii kabla yetu. Hakuwa Mpentekoste. Alikuwa Mwanglikana wa Uamsho, wale walioitwa Balokole. Lakini juu ya ulimi ana la kutufundisha hata sisi tunaonena kwa lugha.

Festo Kivengere alizaliwa karibu mwaka 1919 upande wa Rukungiri, Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Alisoma, akawa mwalimu, na pombe akainywa kweli kweli. Habari za wokovu zilimuudhi. Mwaka 1941, akirudi kutoka kunywa, alikutana na rafiki yake aliyekuwa ameokoka muda si mrefu. Rafiki yule hakumhubiria kwa kelele. Alimwomba msamaha kwa mabaya aliyokuwa amemtendea, akayataja moja moja. Maneno yale machache yalimchoma Festo kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia. Akaenda nyumbani, akapiga magoti, akaokoka.

Unaona, mpendwa? Mlango wake wa wokovu ulikuwa mtu kusema nimekukosea.

Na yeye hakukawia kwenda kutengeneza. Kulikuwa na mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia sana. Festo alipanda baiskeli, akasafiri maili zipatazo 50, akamwambia yule bwana wazi kwamba alimchukia na sasa Yesu amemwondolea chuki ile. Kumbuka hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni. Mwafrika kumwendea mzungu na habari kama hiyo halikuwa jambo dogo. Wakaishia kulia machozi pamoja, wakiwa ndugu.

Katikati ya miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera walihamia Dodoma, Tanganyika. Huko alifundisha shule, akakijua Kiswahili, akahubiri miaka mingi. Akawa pia mkalimani hodari. Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki mwaka 1960, Kivengere alikuwa miongoni mwa wakalimani wake. Ulimi wake ulijulikana kila mahali.

Lakini sikia alichokisimulia mwenyewe, bila kujitetea. Siku moja alikosana na mkewe, akamwambia maneno makali, kisha akashika njia kwenda kuhubiri. Njiani Roho Mtakatifu akamkataza moyoni: arudi kwanza akaombe na Mera. Akajitetea kwamba muda umekwisha, watu wanamngoja, atatengeneza akirudi. Jibu alilolipata moyoni likamtisha: basi aende peke yake akahubiri, Roho atabaki jikoni na mkewe. Ndugu, askofu huyu wa baadaye aligeuka akarudi mbio! Aliomba msamaha palepale jikoni, ndipo akaenda kanisani.

Jambo la jikoni usilione dogo, kwa sababu hapo ndipo ulimi wake ulipofundishwa kazi kubwa zaidi. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, wakati Idi Amin anatawala. Februari 1973 wanaume watatu wa dayosisi yake walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Kivengere aliomba ruhusa kwenda kusema nao. Alikuta nyuso zao zinang'aa, wamekwisha kumpokea Kristo. Basi badala ya kuwafariji, kazi yake ikawa kuwatafsiria askari maneno yao ya amani. Fikiri: mkalimani kati ya wanaokufa na wanaoua, wala hakutupa tusi hata moja.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kivengere na Mera walitoroka usiku kwa miguu, wakapanda milima hadi Rwanda. Uhamishoni uchungu ulimjaa moyoni. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa ibadani London, alitafakari jinsi Yesu alivyowaombea msamaha waliomsulubisha, akaona hana ruhusa ya kumchukia Amin. Akaandika kitabu chenye jina lililowashangaza wengi, kinachosema kwamba anampenda Idi Amin. Hakuficha maovu ya utawala ule. Aliyasema wazi duniani kote. Alichokikataa ni kuyasema kwa chuki. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 alirudi kwa watu wake, akawahudumia hadi alipofariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988.

Sasa tuje kwako na kwangu. Yakobo sura ya 3 inatuonya juu ya kinywa kimoja kubariki na kulaani, na Waefeso 4:29 inataka neno letu limjenge anayelisikia. Je, dada wa kazi nyumbani kwako anausikia ulimi uleule tunaousikia kwenye maombi ya mkesha? Kondakta aliyekurudishia chenji pungufu je? Kule kwenye kikundi cha WhatsApp, unamjadili mchungaji au unamwombea? Na sisi wa nchi jirani, tukisharudi makwetu, tunawasemaje wale wa ng'ambo ya mpaka tuliokumbatiana nao madhabahuni? Maneno ya kubeza kabila na taifa la mwenzako, hata yakisemwa kwa utani sebuleni, watoto wanayasikia, nao watakua nayo.

Mpendwa, kama yuko mtu uliyemjeruhi kwa maneno, usingoje sherehe ziishe. Mpigie simu leo, au mfuate alipo, mkatengeneze. Kisha urudi, tusifu pamoja. Ubarikiwe.