Mfalme aliyechonga mashairi juu ya jedi za kale

WATAWALA wengi wa zamani walihusudu dhahabu. Qianlong, aliyeitawala Uchina kuanzia mwaka wa 1735 hadi 1796, alihusudu jedi, jiwe gumu la kijani au jeupe ambalo Wachina walilichonga vidani na vyombo vya ibada maelfu ya miaka kabla hajazaliwa mnamo 1711.

Mawe mapya aliyapata kwa upanga. Mnamo 1759 majeshi yake yalikamilisha kuliteka eneo liitwalo leo Xinjiang, na jedi kutoka mito ya Hotan ikamiminika Beijing. Lakini moyo wake ulikuwa kwa zile kuukuu zilizofukuliwa makaburini, zenye madoa ya udongo. Vipande vidogo vilitunzwa katika masanduku yenye vijumba vingi, mfalme avitoe na kuvipapasa apendapo.

Biashara ya vitu vya kale haikosi ulaghai, hata ikulu. Qianlong mwenyewe aliandika jinsi alivyomwonyesha Yao Zongren, fundi wa jedi katika kasri, kikombe kilichoonekana kuwa cha enzi ya Han. Fundi akacheka. Kilikuwa kazi ya babu yake, aliyekitoboa vishimo, akakipaka kaharabu na kukipasha moto hafifu kwa muda mrefu hadi kikazeeka. Kumcheka mfalme kulihitaji ujasiri. Mfalme kuyaandika hayo, zaidi.

Alichoshindwa ni kuyaacha mawe yalivyo. Alitunga mashairi zaidi ya 40,000, na baadhi aliamuru yachongwe kwenye jedi zenyewe. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna bamba la duara lenye tundu katikati, lililotengenezwa takriban mwaka wa 1200 Kabla ya Kristo. Qianlong aliamua kuwa ni kitako cha bakuli, akalitafutia bakuli, na mnamo 1790 shairi lake likachongwa juu yake. Wasomi wa leo hawaoni bakuli lolote hapo.

Mabomba ya jedi yenye pembe nne nje na duara ndani aliyadhani kuwa mapambo ya miti ya kubebea vitu. Uchimbuzi wa miaka ya 1970 na 1980 ndio ulioyafichua katika makaburi ya watu wa Liangzhu, walioishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Wapo wanaomlaumu kwa kuziharibu, na lawama hiyo ni ya haki, kwani maandishi hayo hayafutiki. Hata hivyo, ni hazina ya kasri lake inayojaza leo makabati ya makumbusho ya Beijing na Taipei.

Qianlong alijiuzulu mnamo 1796 ili asimpite babu yake, Kangxi, kwa miaka ya utawala. Alifariki mnamo 1799. Mnamo 1928, wanajeshi wa mbabe wa vita Sun Dianying walivunja kaburi lake na kupora vito alivyozikwa navyo.