Mfalme Albert wa Kwanza, mpenda milima aliyeacha jina Beni

Albert wa Kwanza, mfalme wa Ubelgiji, alizaliwa mjini Brussels tarehe 8 Aprili 1875, akatawala tangu 1909. Likizo yake aliipenda milimani: alikwenda Alpes, huko Uswisi, kupanda majabali kwa kamba.

Tarehe 21 Aprili 1925 mbuga ya Virunga iliundwa kwa jina lake. Baadaye ilipanuliwa hadi Ruwenzori, wilayani Beni, na wakaaji wakakatazwa kulima humo. Hata leo, kuanzia Vuhovi hadi Mutwanga, mpaka wa mbuga na mashamba ni jambo zito.

Albert alifariki tarehe 17 Februari 1934, alipoanguka akipanda jabali peke yake Marche-les-Dames, Ubelgiji. Mwaka 1969 mbuga ilibadilishwa jina. Kilele cha Albert, mita 5,087, bado kinaitwa hivyo.