GOR MAHIA: MAISHA YA MWENYE MAUMBO MENGI

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi nchini Kenya hukutana mapema na orodha ya majagina wa mighani. Humo wamo Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, Lwanda Magere wa nyanda za Kano, na Gor Mahia wa Kanyamwa. Wawili wa kwanza wanasifiwa kwa nguvu za mwili, na kila mmoja aliuawa kwa siri iliyofichuliwa na mtu wa karibu: Liyongo alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, naye Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, alichomwa mkuki kivulini baada ya mkewe kutoboa siri kwa maadui. Gor Mahia ni jagina wa namna nyingine. Hakusifiwa kwa misuli wala kwa mkuki. Sifa yake kuu ni kwamba hakuwa na umbo moja.

Leo jina lake husikika zaidi viwanjani kuliko madarasani, na wengi walitajao hawakumbuki kwamba palikuwa na mtu aliyeitwa hivyo. Aidha, kizazi kilicholelewa na runinga kina picha yake tayari ya mtu anayegeuka umbo: mwanamume wa nchi za mbali anayeota manyoya na meno usiku wa mbalamwezi, akajikuta amekuwa mbwamwitu. Atajwapo Gor, picha hiyo ndiyo huja kwanza akilini. Makala haya yanasimulia maisha yake, na yanaonyesha ni kwa nini sura hiyo ya kuazima haimfai.

Nasaba na Zama Zake

Jina alilopewa na jamaa zake ni Gor. Alikuwa mwana wa Ogada na mjukuu wa Ogalo, na kutokana na babu huyo ndiyo maana watu wake, na baadaye mashabiki wa timu ya kandanda, wakaitwa K'Ogalo. Mahia ni lakabu. Katika Kijaluo neno hilo lina maana ya mazingaombwe au maajabu, na alipewa kwa sababu ya mambo aliyosemekana kuyatenda. Alizaliwa katika karne ya 19 miongoni mwa watu wa Kanyamwa, kusini mwa Ghuba ya Winam, katika nchi ambayo leo ni Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay.

Wajaluo wa wakati huo hawakuwa na mfalme mmoja. Kila nchi ilikuwa na ruoth wake, yaani mtawala aliyeongoza pamoja na baraza la wazee. Upande wa kusini wa ziwa ulikuwa makutano ya watu wengi: Wajaluo, Abasuba, Abagusii, Abakuria na Wamaasai. Walioana, walibadilishana nafaka na mifugo, na mara nyingine walipigana kwa ajili ya ng'ombe na malisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki nzima. Muongo mmoja baadaye, ugonjwa wa malale ulienea katika fuo za ziwa na kuvihama vijiji kukawa jambo la kawaida. Katika hali kama hiyo, watu walimhitaji kiongozi mwenye jicho la kuona mbele.

Jabilo na Ruoth

Gor alikuwa jabilo. Istilahi hii haina budi kuelezwa kwa makini, kwa kuwa maana ya maisha yake imefungwa humo. Bilo ni dawa yenye nguvu, na jabilo ni mtaalamu wake katika mambo ya umma. Ndiye aliyetabiri, aliyewaambia mashujaa siku ya kutoka na siku ya kukaa, na aliyeikinga nchi dhidi ya maadui. Kando yake alikuwapo ajuoga, mganga aliyetibu watu na kupiga ramli. Mbali kabisa na hao wawili alisimama jajuok, mchawi akimbiaye usiku akiwa uchi, arushaye mchanga na mawe juu ya nyumba za watu, na ambaye husemekana kufuga wanyama wa kutisha kama vile kiboko na mamba. Jabilo aliheshimiwa na ajuoga alitafutwa. Jajuok aliogopwa na kufukuzwa.

Masimulizi yanamkumbuka Gor kama jabilo na ruoth kwa pamoja. Uganga wake na utawala wake vilikuwa kitu kimoja, na maajabu yake yote yanasimuliwa kama vyombo vya kuongozea watu. Wapo wasimulizi wasemao kwamba alijigeuza mzee fukara akapita miji ya watu wake ili ajue nani mkarimu na nani mchoyo. Wengine humweleza kama mwanamke aliyepita njiani bila kutambuliwa, au mtoto mdogo aliyekaa karibu na wakubwa akasikiliza walichosema juu yake. Katika visa hivyo vyote Gor hubadilika ili aone na asikie, kisha hurudia umbo lake ili aamue.

Ujio wa Wageni

Mabadiliko makubwa kuliko yote aliyoyashuhudia hayakutoka kwake. Wapimaji wa kwanza wa reli ya Uganda walikusudia njia hiyo ifike ziwani Port Victoria, lakini baadaye ikaelekezwa Ghuba ya Winam. Mwaka 1901 ilifika mahali walipopaita Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Mwaka uliofuata eneo hili lilitolewa kwenye himaya ya Uganda na kuwekwa chini ya himaya ya Afrika Mashariki. Kutoka Kisumu, meli za serikali ziliweza kufika fuo za kusini, na pamoja nazo walikuja maofisa, askari, kodi ya nyumba na lugha ya Kiswahili. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Abagusii, majirani wa Wajaluo wa kusini. Mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki. Kila ruoth wa eneo hilo alipata funzo: kupigana kulileta maangamizi, na kutii kulipunguza heshima.

Ni katika zama hizi ndipo visa vya maumbo ya Gor vinapopata uzito wake. Masimulizi yanaeleza kwamba wageni walipokuja kumtafuta kiongozi wa Kanyamwa, walimkuta ajuza, au mtoto, au mzee asiyeonekana kuwa na habari yoyote, wakarudi bila kujua kwamba waliyemtaka walikuwa wamezungumza naye. Msikilizaji anaweza kukichukua kisa hiki kama muujiza. Anaweza pia kukisoma kama taswira ya hali halisi ya mtawala wa Kiafrika wa wakati huo, aliyelazimika kuwa na sura moja mbele ya ofisa na nyingine mbele ya watu wake, na kuyalinda maisha yake kwa kutojulikana. Masimulizi hayamlazimishi msikilizaji kuchagua kati ya maana hizo.

Gor hakuwa peke yake katika kulijibu swali la ukoloni kwa lugha ya maajabu. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba alimezwa na joka la ziwani, Mumbo, kisha akatapikwa akiwa na ujumbe wa kuukataa utawala na dini ya Wazungu. Dini ya Mumbo ilienea hadi Ugusii na serikali ikawaadhibu wafuasi wake. Joka hilo lilijitokeza waziwazi, nalo likaonekana na dola. Gor wa masimulizini alifuata njia ya kujificha.

Namna Umbo Linavyogeuka Katika Usimulizi

Visa vya Gor vilirithishwa katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo watoto walilala na kufundishwa hadithi, vitendawili na adabu. Jambo moja katika usimulizi wa namna hii lastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa fasihi. Tendo lenyewe la kugeuka halielezwi. Katika sentensi moja Gor ni mwanamume, na katika inayofuata ni ajuza mwenye mkongojo. Fanani huinamisha mgongo, huchuja sauti, hutetemesha mkono, basi. Hakuna manyoya yanayoota wala mifupa inayopasuka. Hadhira ndiyo inayokamilisha kazi kwa jicho la ndani.

Sanaa ya filamu ilishika njia iliyo kinyume. Katika filamu ya Marekani iitwayo The Wolf Man, iliyotolewa mwaka 1941, mpambaji Jack Pierce alimgeuza mwigizaji Lon Chaney Jr. kuwa mtu-mbwamwitu kwa kumgandisha usoni manyoya ya yak, fungu baada ya fungu, kwa saa nyingi. Mpito ulionyeshwa kwa kupiga picha hatua kwa hatua na kuziyeyusha moja ndani ya nyingine. Mwaka 1981 Rick Baker alipiga hatua zaidi katika An American Werewolf in London: alitumia viungo vya bandia vya mpira vilivyosukumwa kwa ndani, hata mtazamaji akaona mkono ukirefuka na uso ukichomoza mbele. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar. Ustadi huo ulihamia katika runinga pia. Mwaka 1987 kituo cha Fox cha Marekani kilianza kuonyesha tamthilia ya mfululizo iitwayo Werewolf, na Baker ndiye aliyelibuni dubwana lake. Baadaye kompyuta ikachukua sehemu kubwa ya kazi ya gundi na mpira.

Viinimacho hivi vyote vimejengwa juu ya wazo moja. Mtu-mbwamwitu amelaaniwa. Hubadilika bila hiari, kwa maumivu, na akishabadilika hupoteza akili na utu. Ndiyo maana mbunifu wake hutumia nguvu nyingi katika hatua ya kati, pale ambapo nusu ni mtu na nusu ni mnyama, kwa sababu hofu imo humo. Gor hana hatua ya kati. Hubadilika kwa hiari, bila maumivu, na akili yake hubaki ileile. Kumvalisha manyoya na meno ni kumwondolea sifa yake kuu, yaani utashi.

Kosa hilo lina madhara nje ya sanaa pia. Jabilo aliyepewa meno ya mnyama na kukimbizwa gizani huacha kuwa jabilo, akawa jajuok. Tofauti hiyo ambayo jamii iliihifadhi kwa maneno mahususi hufutika, na kila mwenye elimu ya jadi huonekana mchawi. Mwezi Mei mwaka 2008, katika eneo la Kisii lisilo mbali na Kanyamwa, wazee zaidi ya 10 waliuawa kwa kuchomwa moto wakishukiwa kuwa wachawi. Si runinga iliyowaua. Hata hivyo, mahali ambapo shutuma ya uchawi inaweza kuleta moto, sura anayopewa mganga kwenye kioo haiwezi kuchukuliwa kuwa mapambo matupu.

Mfano wa njia ifaayo umo katika runinga ya Kenya yenyewe. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi katika kipindi cha Vitimbi aligeuka Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo, kwa lafudhi, mwendo na maleba tu, na watazamaji wengi waliamini kwamba alizaliwa kando ya ziwa. Hakuhitaji gundi wala mpira. Ustadi wake ulikuwa uleule wa fanani wa siwindhe.

Kifo na Jina Lililobaki

Gor alifariki katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ukoloni ukiwa umekwisha kushika mizizi. Masimulizi yanayojulikana zaidi hayamtaji msaliti wala kivuli kilichochomwa. Liyongo na Lwanda Magere waliangamia kwa kuwa siri zao zilikaa mahali pamoja mwilini, pakaweza kuonyeshwa kwa kidole. Siri ya Gor haikuwa na mahali.

Mwaka 1968 klabu ya kandanda iliyoundwa na Wajaluo ilichukua jina lake. Mwaka 1987, mwaka uleule ambao dubwana la Baker lilianza kuonekana katika runinga za Marekani, Gor Mahia ilitoka sare na Espérance ya Tunisia, 2-2 ugenini na 1-1 Nairobi, ikatwaa Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini. Ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika Mashariki kutwaa ubingwa wa bara. Mganga wa Kanyamwa alikuwa amepata umbo jingine tena, safari hii la watu 11 waliovaa kijani, na maelfu walioliimba jina lake.

Hitimisho

Maisha ya Gor Mahia yanaonyesha kwamba ubadilishaji umbo katika mighani ya ziwa ni elimu ya utawala. Kiongozi alijigeuza mnyonge ili awajue wanyonge, na alijificha ili watu wake wasinyang'anywe kiongozi wao. Watakaomleta katika runinga siku moja watafanya vema kuanza na sauti ya fanani kabla ya kufikia sanduku la manyoya. Nao wanafunzi wa Kiswahili wana kazi iliyo karibu zaidi: bado wapo wazee Ndhiwa na Homa Bay wanaovijua visa vyake, na kila kisa kisichorekodiwa huzikwa pamoja na mwenyewe.