Mfahamu Eugen Sandow, jamaa aliyetuma ratiba za tizi kwa posta

Kama uko Mbulu mjini, Haydom au Katesh na unapiga tizi nyumbani kwa ratiba ya kwenye simu, Jumatatu kifua, Jumatano mgongo, Ijumaa miguu, na chuma chako ni makopo mawili ya zege yaliyounganishwa kwa bomba, kuna mtu unatakiwa umjue. Najua huku kwa kina John Stephen Akhwari sisi ni watu wa mbio, ila vyuma navyo vina historia yake.

Anaitwa Eugen Sandow. Jina la kuzaliwa ni Friedrich Wilhelm Müller, alizaliwa mwaka 1867 Königsberg, mji uliokuwa Prussia na leo uko Urusi.

Alianza kama mbabe wa maonyesho. Mwaka 1889 alipanda jukwaani London akamshinda Sampson, aliyekuwa akitamba kwa nguvu. Mwaka 1893 akawa gumzo Chicago.

Halafu ikaja akili ya biashara. Mwaka 1897 alifungua jimu London na kutoa kitabu cha mazoezi. Wasioweza kufika akawafundisha kwa posta: unajipima kifua, mikono na mapaja, unatuma vipimo, unarudishiwa ratiba yako. Karani anayekaa kwenye kiti kutwa nzima akaweza kujenga mwili chumbani kwake.

Ratiba zake hazikugawa mwili kwa siku kama zetu. Zilitumia dambeli nyepesi, na idadi iliongezwa kidogo kidogo. Hapo ndipo wengi tunapofeli. Wiki ya kwanza tunabeba zege la kushindana na jirani, ya pili mgongo umegoma na ratiba imeishia hapo.

Septemba 14, 1901 aliwakusanya wanafunzi wake Royal Albert Hall kwa shindano la miili. Mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes. Hawakuangalia ukubwa wa misuli tu, bali pia ulinganifu wa mwili, afya, hata hali ya ngozi.

Mwaka 1911 Mfalme George V alimteua kuwa mwalimu wake wa mazoezi.

Sandow alifariki Oktoba 14, 1925, akiwa na miaka 58. Alizikwa makaburi ya Putney Vale, London, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na jina. Sanamu yake ndogo, akiwa ameshika chuma, ndiyo anayokabidhiwa bingwa wa Mr. Olympia hadi leo.